Fundi wa fiksi Ngamiani Tanga: nilivyotengenezewa, bei zake na vitu vya kwenda navyo

Kama uko Tanga na unataka kutengenezewa baiskeli ya fiksi, mpelekee fremu yako yule mzee wa Ngamiani wala usihangaike kwingine, ila nenda na habu yako mkononi, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, maana kwake hutoikuta. Hilo ndo jibu fupi. Jibu refu naliandika hapa kwa sababu watu wananisimamisha barabarani, juzi pale Mabanda ya Papa kijana kanisimamisha mpaka nkachelewa kazini, anataka kujua nani kaitengeneza, shilingi ngapi, na kwanini haina breki ya nyuma.

Kwa ambao hawajaiona, baiskeli ya kawaida ina friwili, ukiacha kupiga pedeli gurudumu linaendelea lenyewe na unasikia ile tik tik tik. Fiksi haina friwili. Lile jino la nyuma, yaani ile gia ndogo inayovutwa na cheni, limefungwa moja kwa moja kwenye habu, kwaiyo gurudumu likizunguka na pedeli zinazunguka, hamna kupumzisha miguu kwenye mteremko, na ukiikaza miguu kinyume baiskeli inapunguza mwendo. Ndo baiskeli za kwenye viwanja vya mviringo vya mashindano, Japani wanazikimbizia kamari tangu 1948 mchezo wanauita keirin, na wale vijana wa kupeleka barua na vifurushi New York wakazitoa uwanjani wakaziingiza barabarani kwa sababu hazina vitu vingi vya kuharibika. Hiyo sababu ya mwisho ndo iliyonivuta mimi. Mtu anayekaa Sahare anajua upepo wa bahari unavyokula vyuma, kebo za gia zinakatika kutu, springi zinakauka, kila mwezi uko kwa fundi. Fiksi ina cheni moja, jino moja nyuma, spoketi moja mbele, basi. Na mji wetu ni tambarare, ukitoka Raskazone mpaka Duga hukuti kilima cha kukutoa machozi.

Sasa fundi mwenyewe. Simtaji jina, ni mtu wa kimya na hapendi mambo ya mtandaoni, ila ukifika Ngamiani kwenye zile barabara za namba, upande wa kuelekea uwanja wa Mkwakwani, ukauliza mzee anayesuka ringi hata watoto watakupeleka. Ni kibanda cha bati, benchi moja nje, na juu zimening'inia ringi kama za miaka thelathini nyuma. Mteja wake mkubwa ni wa kawaida kabisa, mtu wa kubeba mkaa, mtu wa samaki, wanafunzi, kina mama. Sio duka la baiskeli za bei mbaya. Na ndo maana namwamini, mtu anayetengeneza ringi la nyuma la baiskeli inayobeba magunia mawili ya mkaa kutoka Pongwe likakaa mwaka mzima, huyo mtu anajua spoki.

Kabla ya kwake nilizunguka kwa mafundi wengine mjini na wote jibu lao lilikuwa moja, lete friwili tuichomelee. Yaani wanaichomea na moto wa welding isizunguke, unaondoka na fiksi yako kwa elfu tano. Nilipomfikia huyu mzee, shikamoo, marahaba mwanangu, nkamweleza nnachotaka, na nkamwambia wenzake wamesema wachomelee. Akakataa. Akachukua habu mbovu na friwili mbovu akanikalisha kwenye benchi akanionesha kwa mikono, na hapa naomba msome taratibu maana ndo penye roho ya mtu.

Friwili inafungwa kwenye habu kwa nyuzi za kawaida, za kufunga kulia. Kila unavyopiga pedeli kwenda mbele unazidi kuikaza, ndo maana friwili ya zamani haitoki hata kwa nyundo. Sasa ukiichomelea ikawa haizunguki, kwenda mbele sawa inakaza, lakini siku unataka kupunguza mwendo na unaikaza miguu kinyume, unaifungua. Hamna kitu cha kuizuia. Inafunguka nyuzi kidogo kidogo, siku moja unakaza miguu mbele ya bajaji na pedeli zinarudi tupu, gurudumu linaendelea na safari zake. Alafu ule moto wenyewe unalainisha chuma kilichopikwa kiwe kigumu, na grisi ya ndani inaungua, gololi zinakufa. Habu ya fiksi ya kweli imetatua hili kwa akili nzuri sana, ina ngazi mbili za nyuzi. Ya kwanza ni ya jino, ya kufunga kulia kama kawaida. Ya pili ni nyembamba zaidi, ya kufunga kushoto, hapo inakaa lokringi, ile ringi ndogo ya kulizuia jino lisifunguke. Jino likitaka kufunguka kwa sababu umekaza miguu kinyume linaisukuma lokringi upande ambao yenyewe inakaza. Vinashikana. Hiyo ndo inafanya miguu yako iwe breki ya kuaminika.

Na ujanja mwingine ambao upo ni kuchukua habu ya friwili ya kawaida, kufunga jino la fiksi, alafu juu yake ukafunga ringi ya ekseli ya pedeli kama lokringi pamoja na gundi ya nyuzi, maana ukubwa wa nyuzi unakaribiana. Watu wanaoendesha fiksi huko nje wenyewe wanaiita habu ya kujiua. Mzee hajawahi kusikia hilo jina lakini nilivyomweleza akasema hiyo nayo hafanyi, maana ile ringi nayo ni ya kulia, vyote vinafunguka upande mmoja. Mtu ambaye hajawahi kuona fiksi kwa macho yake akaielewa hatari kwa kutazama nyuzi tu. Nkajua hapa nimefika.

Kwaiyo habu nikaagiza. Binamu yangu yuko Birmingham alikuwa anakuja likizo nkamwomba anibebee habu ya nyuma, jino na lokringi yake, na hapa kuna jambo ambalo lingenigharimu kama mzee asingelisema mapema, uliza idadi ya matundu kabla hujaagiza. Zile Phoenix na Swala za mtindo wa kizamani ringi ya mbele ina matundu 32 na ya nyuma 40. Habu za fiksi nyingi zinakuja na 32 au 36. Ukileta habu ya 36 ukitegemea ringi ya nyuma ya Phoenix imekula kwako. Mimi nikaleta ya 36 na mzee akanitafutia ringi mbili za alumini za saizi ya 700, moja mpya moja mtumba.

Fremu nilipata kwenye mtumba, na hapa nawaambia tazameni mdomo wa nyuma pale ekseli inapokaa, usitazame rangi. Kama mdomo umesimama wima, ekseli inaingia kwa chini na haisogei mbele wala nyuma, iache. Fiksi haina kifaa cha kukaza cheni, na vile vya springi huwezi kuviweka maana ukikaza miguu kinyume cheni ya chini ndo inavuta, itakivunja. Unataka mdomo uliolala ili uvute gurudumu nyuma mpaka cheni ikae sawa. Baiskeli za reso za zamani za chuma nyingi ziko hivo. Na ukikuta iliyokuwa na gia tano nyuma ndo bahati kabisa, upana wake mara nyingi ni milimita 120 ambao ni upana uleule wa habu ya fiksi. Ya gia sita au saba inakuwa 126, fremu ya chuma fundi anaweza kuibana taratibu ikakubali, ya alumini asiiguse, alumini ukiikunja imeshaanza kupasuka ndani. Yangu ilikuwa ya gia tano, imechubuka, ina vibandiko vya Kijapani, elfu tisini baada ya kubishana jua kali.

Kusuka ringi ndo mahali pa kwenda kukaa na kutazama. Habu ya fiksi spoki za kulia na kushoto zinatoka zikiwa sawa, haina ile ya upande mmoja kubanwa sana kupisha gia, kwaiyo gurudumu linakaa katikati na linakuwa na nguvu zaidi. Mzee alilipenda hilo, akaligeuza geuza akasema huyu aliyeitengeneza alikuwa na adabu. Anasuka spoki tatu kwa tatu, anapaka grisi kwenye nyuzi za kila spoki kabla ya kufunga kinati chake, kitu ambacho sijaona fundi mwingine hapa mjini anafanya, na kwa mji wa chumvi kama wetu hiyo grisi ndo tofauti ya ringi inayonyoosheka mwaka wa tatu na ile ambayo vinati vimegandia kutu unaishia kuikata. Akimaliza anagonga spoki kwa kucha anasikiliza. Hana mashine ya kupimia. Nilimchukulia video nkamtumia binamu, yule binamu ana rafiki yake fundi wa baiskeli hukohuko, akajibu kwamba kazi iko safi.

Upande wa gia tulibishana kidogo. Mimi nilitaka jino la 16 nyuma na spoketi ya 46 mbele, hizo namba ni idadi ya meno, kwa sababu ndo naona watu wanaweka, ukizungusha pedeli mara moja unakwenda zaidi kidogo ya mita 6. Mzee akasema upepo wa kaskazi ukikukuta uso kwa uso unatoka Raskazone na jino dogo hivo goti litakuuliza. Bahati binamu alibeba na la 18, nkaweka hilo, ni kama mita 5 na nusu kwa mzungusho, na naona ndo sahihi kwa Tanga. Unaondoka mwepesi kwenye taa na kwenye vivuko, na kupunguza mwendo kwa miguu kunakuwa rahisi zaidi. Faida nyingine niliisoma kwa Sheldon Brown, yule Mmarekani mwandishi wa mambo ya baiskeli aliyefariki 2008 ambaye karibu kila mtu wa fiksi amejifunzia kwake, ni kwamba uwiano unaamua tairi linalika wapi. Ukipiga breki ya miguu mpaka gurudumu likagoma na kuburuza, unakuwa kila mara na mguu uleule mbele. Spoketi 48 na jino 16 ni tatu kamili, kwaiyo tairi linaburuzwa sehemu moja tu kila siku mpaka litoboke. 46 na 18 ukirahisisha inakuwa 23 kwa 9, linagawana sehemu tisa. Kwa bei za tairi za 700 hapa mjini hiyo sio hesabu ya kudharau.

Breki. Vijana mnaoangalia video mnataka isiwe na breki kabisa, na kuna mmoja alikuja pale kwenye benchi nikiwepo akataka mzee aitoe kwenye yake. Mzee hakuitoa. Sera yake ni kwamba haachii fiksi itoke kwenye kibanda chake bila breki ya mbele, hata ukimlipa mara mbili, na mimi namuunga mkono kwa moyo wote. Cheni ikikatika au ikiruka, miguu yako sio breki tena, umebaki na viatu. Na hata cheni ikiwa nzima, ukibana breki uzito unakuja mbele, gurudumu la mbele ndo linalosimamisha, la nyuma peke yake linaburuza tu. Uingereza sheria inataka mifumo miwili ya breki, gurudumu la nyuma la fiksi linahesabika kama mmoja ila breki ya mbele lazima. Hapa kwetu bodaboda hazitoi ishara, mbuzi hawatoi ishara, daladala inasimama popote inapoitwa. Weka breki ya mbele, na uweke raba nzuri.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea kwa fundi mwanaume wa umri ule, aliniuliza bila kuzunguka, mwanangu utaendesha umevaa nini. Sisi wanawake wa Tanga tunaendesha baiskeli na dera zetu na baibui zetu tangu bibi zetu, hilo halina mjadala. Ila kwenye baiskeli ya kawaida nguo ikiingia kwenye cheni unaacha kupiga pedeli, inasimama, unaitoa. Kwenye fiksi haisimami, gurudumu linaendelea kuvuta nguo na wewe juu yake. Akachukua kava la cheni la baiskeli ya kike ya zamani akalikata nusu, akalipinda, akalifunga kwa vibano viwili upande wa spoketi mpaka karibu na nyuma. Halipendezi kwenye picha. Limekaa vizuri sana, na hakulitoza. Kina dada mnaotaka fiksi msikubali kuondoka bila hilo kava, na hata mkivaa suruali msisogeze vidole kwenye cheni gurudumu likiwa linazunguka, watu wamepoteza vidole wakisafisha cheni ya fiksi.

Mikanda ya miguu anashonesha kwa mtu wa mahema, ya mkanda wa siti ya gari, minene, inashika mguu bila kuuma. Elfu nane jozi. Usiendeshe fiksi bila mikanda, mguu ukichomoka pedeli haikusubiri, inakuja kukupiga ugoko.

Sasa mapungufu, maana yapo. Kwanza ni muda. Akikwambia kesho kutwa hesabu wiki, na ukipiga simu hapokei akiwa kazini. Pili hana vipuri vya fiksi hata kimoja, na duka moja la vipuri mjini alilonielekeza liliniuzia kotapini, zile pini za kubana mkono wa pedeli kwenye ekseli, laini kama za bati. Baiskeli hii ilikuja na mikono ya pedeli ya kotapini, na kwenye fiksi zile pini zinasukumwa mbele na nyuma kutwa nzima, zikaanza kucheza na kugonga gonga kila nikipunguza mwendo. Tukabadilisha ekseli na mikono ya pedeli yote tukaweka ya mtumba yenye ekseli ya pembe nne, na ule mlio ukaisha. Nashauri uanzie huko huko. Tazama pia nyuma ya mkono wa pedeli kuna namba imechongwa, yangu 170. Baiskeli za uwanjani wanaweka 165 mara nyingi kwa sababu kwenye kona pedeli haisimami, ukilala sana inagusa lami inakunyanyua. Na 170 inakubali, ila kwenye kona kali napita nimesimamisha baiskeli wima.

Tatu, rangi asikupakie. Anapaka kwa brashi, inashuka matone. Nimeipeleka kwa wapaka rangi wa pikipiki ikatoka nyeusi inang'aa.

Bei sasa. Kusuka ringi mbili elfu ishirini na tano pamoja na spoki za nyuma alizokuwa nazo, za mbele nilinunua. Kufunga kila kitu, kupanga cheni na kufunga breki elfu kumi na tano. Cheni mpya pana ya gia moja elfu kumi na mbili. Ukijumlisha na fremu, ringi, tairi, pedeli na mikono ya pedeli, nje ya ile habu ya binamu, nimetumia chini ya laki tatu na nusu, na nina baiskeli ambayo naipeleka kazini Chumbageni kila asubuhi na jumamosi naifikisha Amboni mapangoni na kurudi. Kwenye reli vuka kwa kukata moja kwa moja, usivuke kimshazari, tairi jembamba linaingia kwenye kijia. Na ukianza kuiendesha anza kwenye ile barabara ya Raskazone alfajiri kabla magari hayajachangamka, miguu inasahau kwamba haina ruhusa ya kusimama, mpe wiki mbili tatu mwili uzoee.

Cheni mzee mwenyewe anakupangia hivi, anazungusha pedeli taratibu anatafuta pale inapokaza zaidi, maana spoketi nyingi sio duara kamili, alafu hapohapo anaacha ilegee kama sentimita moja. Ikikaza sana inakula gololi, ikilegea sana inaruka, na kuruka kwa cheni kwenye fiksi ni gurudumu kugoma katikati ya barabara. Jifunze kupima mwenyewe. Na mafuta weka ya cherehani kidogo kidogo alafu futa kwa tambara, msipake oili chafu ya gari, mchanga wetu wa pwani unaganda humo inakuwa msasa.

Ijumaa anafunga mapema kwenda msikitini na harudi mpaka baada ya alasiri, siku nyingine yupo tangu saa moja asubuhi. Nenda na habu, jino, lokringi na fremu kwa pamoja, usipeleke kimoja kimoja, akipokea nusu anaweka pembeni anaanza ya mwingine. Malipo nusu mwanzo nusu mwisho, taslimu au kwa simu, risiti hana. Na spoki mpya zikishaanza kutulia baada ya kuendesha kidogo rudi akukazie, hiyo ya kwanza hatozi, lokringi nayo mwambie aikaze tena siku hiyohiyo.